Urefu wa Wimbo: Albamu na Jukwaa Nilivyovisikia Nyuma ya Mitambo

Kuna malalamiko mawili ambayo fundi mitambo huyasikia karibu kila mara anapokunja nyaya baada ya onyesho. Wapo wanaotoka ukumbini wakisema bendi haikupiga kama inavyosikika kwenye albamu, na wapo wanaosema albamu ya bendi hiyohiyo ni baridi, haina uhai walioukuta jukwaani. Nimefanya kazi hii jijini Nairobi kwa miaka mingi, usiku nikichanganya sauti katika kumbi za Ngara, Lang'ata na kandokando ya barabara ya Thika, na mchana nikisaidia katika studio ambamo baadhi ya bendi hizo hurekodi, kwa hiyo nimebahatika kuzisikia nyimbo zilezile pande zote mbili, wakati mwingine ndani ya juma moja. Kadiri ninavyozidi kusikiliza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba walalamikaji hulinganisha mambo ya pembeni: usafi wa sauti, kuteleza kwa mpiga gitaa, pumzi ya mwimbaji. Tofauti iliyo kubwa kuliko hizo zote ni ya muda, yaani ni nani anayeamua wimbo uwe mrefu kiasi gani, uende kwa kasi gani na uishe lini.

Jambo hili nilianza kulisikia nyumbani Makadara kabla sijaweza kulieleza. Baba alikuwa na santuri ndogo, zile zinazozunguka mara 45 kwa dakika, na kazi yangu ilikuwa kuzigeuza. Wimbo ulianza upande wa kwanza, beti zikaimbwa, magitaa yakaanza kushika moto, kisha sauti ikafifia polepole na sindano ikabaki ikikwaruza katikati. Hapo nilitakiwa kuinua mkono wa gramafoni, kuigeuza santuri na kuurudisha muziki kabla wageni hawajakaa, kwa maana upande wa pili uliendelea palepale moto ulipokuwa umeachwa. Hivyo ndivyo benga, muziki wa magitaa ulioanzia kwa Wajaluo, ya Shirati Jazz ya D. O. Misiani ilivyoingia nyumbani kwetu, na rumba ya Kiswahili ya ndugu Wilson na George Kinyonga wa Simba Wanyika nayo ilipita mlango huohuo. Sababu ya kuukata wimbo vipande viwili ni ya kiufundi tu. Santuri ya inchi 7 hubeba dakika chache kila upande, na ukitaka kuongeza muda ni lazima mifereji yake ibanane. Ikibanana, sauti hupungua nguvu na besi ndiyo huumia kwanza. Mwenye kampuni alichagua kati ya wimbo mrefu usio na kishindo na wimbo mfupi wenye kishindo, na kwa muziki uliokusudiwa kushindana na kelele za baa jibu lilikuwa wazi.

Nilipokuwa mkubwa wa kutosha kuingia ukumbini, kilichonishtua hakikuwa sauti kubwa wala mavazi ya wanamuziki. Ni kwamba wimbo haukukatika. Nilikuwa nimezoea kwa miaka kwamba pale magitaa yanapochangamka ndipo mtu husimama akageuze santuri, na mwili wangu ulikuwa umeshajifunza pumziko lile. Bendi ikapita juu yake kana kwamba halijawahi kuwapo, na sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa huchangamka watu wacheze, ikaendelea hadi nikapoteza hesabu. Baada ya hapo nilirudi kusikiliza santuri zile kwa sikio jingine. Chukua "Sina Makosa" ya Les Wanyika, kundi lililojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978. Gitaa la ridhimu la Omar Shabani na besi ya Tom Malanga zimesukwa kwa namna ambayo zingeweza kujizungusha usiku kucha bila kuchosha. Ukizisikiliza kwa makini utagundua kwamba watu wale hawakutunga kitu cha dakika chache. Walitunga gurudumu, na studio ikachukua mizunguko iliyotosha.

Santuri kubwa za inchi 12 zilipunguza shida hiyo. Zinazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika na kila upande hubeba dakika 20 na ushei, kwa hiyo wakati wa miaka ya 1980 ilikuwa kawaida kununua santuri nzima yenye nyimbo nne pekee, mbili kila upande. Franco na TP OK Jazz walipotoa "Mario" mwaka 1985, wimbo ule ulikaribia robo saa. Virunga ya Samba Mapangala, iliyokuwa na makao hapa Nairobi, nayo ilifaidika na nafasi hiyo. Nyimbo zake za wakati ule zinapumua, zinachukua muda wake kabla ya kufika kwenye uchangamfu. Kanda za kaseti zingeongeza nafasi zaidi, lakini kanda zilikuja na uharamia ulioua soko lenyewe, na hilo ni simulizi la siku nyingine.

Jambo ambalo vijana ninaofanya nao kazi hulisahau ni mpangilio wa kazi ya wakati ule. Bendi ya Nairobi ilikuwa na mkataba na ukumbi, ikapiga usiku baada ya usiku, na wimbo mpya ulijaribiwa mbele ya wachezaji muda mrefu kabla ya kupelekwa studio. Beti isiyosikika iliondolewa, pambio la gitaa lililoinua watu vitini likaongezwa, na mpiga tumba akajua ni wapi hasa watu hupenda kuzungushwa. Siku ya kurekodi, wanamuziki waliingia chumba kimoja wakapiga pamoja, kwa sababu njia za kurekodia zilikuwa chache na muda wa studio ulikuwa ghali. Kilichobaki kwenye santuri kilikuwa muhtasari wa kitu ambacho tayari kilikuwa kimeishi. Msikilizaji anayesema kwamba rekodi za zamani zina joto la jukwaani hakosei, ila mara nyingi hulisifu vumbi la santuri au mitambo ya kale, wakati joto lile linatokana na wachezaji waliokwisha kuuhariri wimbo kwa miguu yao.

Kwa muda mrefu nimefanya kazi na bendi moja ya rumba inayoongozwa na mzee kutoka upande wa Tanga, mtu mpole ambaye hupiga gitaa la solo akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kwa sababu ya goti. Bendi yake haina albamu yenye jina kubwa, na wengi wanaokuja kumsikiliza hawana hata wimbo wake mmoja kwenye simu. Usiku mmoja nilimtazama kwa karibu kutoka kwenye mikisa, yaani meza ya kuchanganyia sauti, kwa kuwa mikisa ilikuwa imewekwa pembeni mwa jukwaa na si katikati ya ukumbi inapostahili kuwa. Wimbo ulikuwa umekwisha kuimbwa. Mpiga drams alikuwa ameshamwangalia kiongozi mara mbili, akisubiri ishara ya ngumi iliyofumbwa nyuma ya shingo ya gitaa, ambayo kwao ina maana ya kufunga. Ishara haikuja. Mzee alikuwa akitazama sakafu, mahali ambapo mama mmoja wa makamo alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu huku mume wake akimsubiri ameshika mkoba. Mzee alirudia kipande kilekile kifupi cha noti sita, akikipunguza nguvu kidogo kila kiliporudi, mpaka yule mama aliposimama na kushika tena mkono wa mumewe. Ndipo akapanda juu ya shingo ya gitaa, mwimbaji akapiga kelele ya furaha, na wimbo ukaanza upya kana kwamba ndio kwanza unaingia. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuufunga.

"Kijana wangu," alinijibu, "ningemalizaje wimbo na yule mama hajacheza?"

Muda mfupi baada ya usiku ule bendi iliingia studio kurekodi wimbo huohuo. Prodyuza, kijana hodari na mwenye heshima, aliwavalisha hedifoni zenye mdundo wa kuhesabia uliowekwa kwenye mapigo 116 kwa dakika, akaeleza kwa adabu kwamba vituo vya redio havipendi wimbo unaozidi dakika nne. Mzee alipiga vizuri. Noti zilikuwa safi kuliko nilivyowahi kuzisikia, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuagiza soda karibu na kipaza sauti chake. Lakini alipofika kwenye kipande kile cha noti sita alikirudia mara mbili, akainua kichwa, akaona kioo cha chumba cha mitambo, akakirudia mara ya tatu kwa kusitasita, kisha akaacha. Hapakuwa na kiatu cha kufungwa. Prodyuza alikiondoa kipande hicho wakati wa kuhariri, na kwa haki kabisa, kwa maana ndani ya dakika nne kilisikika kama mtu aliyesahau kitu anachotaka kusema.

Nimeisikiliza rekodi ile mara nyingi na sioni ubaya wake. Ina mambo ambayo ukumbi haukuwahi kunipa: maneno ya beti ya tatu, ambayo ukumbini humezwa na paa la mabati, sauti ya pili ya mwimbaji msaidizi, ambaye kwa kawaida husimama mbali na maikrofoni, na gitaa la ridhimu, ambalo katika rumba yetu ndilo uti wa mgongo ingawa makofi huenda kwa solo. Mtu anayetaka kujua wimbo umejengwaje na asikilize rekodi. Anayetaka kujua unafanya kazi gani duniani, hana budi kuvaa viatu.

Nieleze kidogo kuhusu kasi, kwa kuwa hapa ndipo watu hutupa lawama zisizostahili. Bendi nyingi hupiga haraka zaidi jukwaani kuliko studio, na msikilizaji husema wamekosa nidhamu. Wapo wanaokosa nidhamu kweli. Lakini mara nyingi wimbo huongezeka kasi taratibu kwa sababu mpiga drams anafuata mwendo wa watu, na watu wanapopata joto hatua zao hufupika. Ukiwalazimisha wapigaji wafuate mdundo wa kuhesabia mbele ya hadhira iliyokwisha kuchangamka, utaona wachezaji wakianza kuutangulia muziki, kisha wakikata tamaa na kukaa. Kwa upande mwingine, kasi ambayo ukumbini ilisikika sawasawa huwa ya kukimbizana ukiisikiliza kesho yake sebuleni. Nimewahi kuwapelekea wanamuziki rekodi niliyoichukua moja kwa moja kutoka kwenye mikisa, nao wakakana katakata kwamba walipiga kwa kasi ile.

Siku hizi mpangilio umegeuka. Wimbo huzaliwa kwenye kompyuta, mara nyingi kati ya mwimbaji mmoja na prodyuza mmoja, unatoka, unapendwa, ndipo bendi inakusanywa ili ijifunze kuupiga. Sisemi hivyo kwa kulalamika, kwa sababu baadhi ya muziki bora wa jiji hili umepita njia hiyo. Just A Band walipotoa "Scratch to Reveal" mwaka 2008 na "82" mwaka uliofuata, walitupa sauti ya Nairobi ambayo isingetokea kwenye ukumbi wa dansi hata kwa bahati. Ila bendi inayojifunza wimbo kutoka kwenye albamu hukutana na swali ambalo wazee wa rumba hawakukutana nalo: wimbo ukishafika mwisho wake na watu bado wanataka, tunaenda wapi? Wazee walikuwa na jibu kabla ya swali, kwa kuwa walianza na gurudumu. Wa leo ni lazima walitafute.

Sauti Sol ni mfano mzuri wa walioitafuta njia hiyo kwa bidii. Walianza mwaka 2005 wakiwa waimbaji wa kupatanisha sauti, na albamu yao ya kwanza, "Mwanzo", bado ina harufu ya watu wachache waliokaa karibu na gitaa. Kufikia "Live and Die in Afrika" ya mwaka 2015, kazi yao ya studio ilikuwa imenyooshwa kila pembe. Jukwaani walijifunza kuufungua wimbo ule uliofungwa: kuushusha hadi ukabaki na sauti na makofi, kuuachia umati kiitikio, kisha kuupandisha tena. Wapo wanaosema walikuwa wakionyesha tu, na katika nyakati fulani nakubaliana nao, lakini kwa hesabu ya muda walifanya kazi ambayo wengine wengi hawaigusi kabisa.

Wasioigusa ni wale wanaoniletea flashi. Mwimbaji hupanda na maikrofoni, mimi hubonyeza kitufe, na muziki unaotoka ni ule wa studio, mara nyingi ukiwa na sauti yake mwenyewe imeachwa chini yake ili akihema asijulikane. Nimeona umati wa maelfu ukipandwa na mori hasa katika kiitikio cha mwisho, mwimbaji naye akiwa tayari kuendelea, na wimbo ukaisha tu, kwa sababu faili liliisha. Mwimbaji mmoja alinigeukia kwa hasira kana kwamba mimi ndiye niliyeukata. Ningeweza kuurudia tangu mwanzo, lakini hakuna anayetaka kurudishwa kwenye salamu akiwa amekwisha kuingia ndani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuwapo kwa mtu jukwaani hakutoshi kuyafanya maonyesho kuwa ya moja kwa moja. Kama hakuna mtu pale mwenye uwezo wa kuongeza hata mzunguko mmoja, basi tunasikiliza albamu tukiwa tumesimama.

Duniani wapo waliolijua jambo hili na kulifanyia uamuzi mkali. Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, alikuwa na desturi ya kutoupiga tena jukwaani wimbo aliokwisha kuurekodi. Nyimbo zake zilikuwa zikikua mbele ya watu kule Lagos, zikaingia kwenye santuri zikiwa ndefu kiasi cha kujaza upande mzima, kisha akaziacha na kuleta nyingine. Mashabiki waliolipa kiingilio kusikia kile walichokipenda nyumbani walirudi bila kukipata, na sina hakika kwamba hadhira ya Nairobi ingevumilia. Ningependa hata hivyo kuona bendi moja ikijaribu. Beatles walichukua njia ya upande wa pili: baada ya onyesho la San Francisco la Agosti 1966 waliacha ziara kabisa, na mwaka uliofuata wakatoa "Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band", albamu ambayo hawakuwahi kulazimika kuipandisha jukwaani. Wote hao walikataa kuvilinganisha vitu viwili, kila mmoja kwa kukifunga kimoja.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Bob Marley, kwa kuwa kila mtu Nairobi ameusikia hata kama hajui ameusikia. "No Woman, No Cry" ilitoka kwanza kwenye albamu "Natty Dread" ya mwaka 1974, ikiwa fupi na nyepesi, ikisindikizwa na mashine ya mdundo. Ile ambayo matatu zetu hupiga, yenye kinanda kinachoanza taratibu na umati unaoimba kiitikio kabla ya Marley kufungua kinywa, ilirekodiwa katika ukumbi wa Lyceum jijini London Julai 1975 na hufika dakika saba. Maneno ni yaleyale, na sauti ni zilezile kwa sehemu kubwa. Kilichobadilika ni kwamba wimbo umepewa muda wa kutembea, na umati umeushika mkono. Ninapowapigia wanafunzi wa mitambo matoleo hayo mawili mfululizo, wengi huniambia la kwanza linafanana na jaribio tu, ilhali ndilo la studio.

Uthibitisho ambao sikuutafuta ulikuja na ugonjwa wa Korona. Amri ya kutotoka nje usiku ilianza Machi 2020, baa zikafungwa, na bendi zilizokuwa zikila kutokana na kiingilio na kutunzwa zikabaki mikono mitupu hadi zilipoanza kupiga mbele ya kamera na kurusha muziki kwenye intaneti. Sauti Sol walitoa "Midnight Train" mwezi wa Juni mwaka huo, albamu iliyofika masikioni kwa watu waliofungiwa ndani. Mimi niliitwa kushughulikia sauti katika maonyesho kadhaa ya mtandaoni ya bendi ndogo, na mzee wangu wa gitaa alikuwa mmoja wao. Kila kitu kilikuwa cha moja kwa moja: hakuna kuhariri, hakuna kurudia, mitambo ilikuwa ileile ya ukumbini. Nyimbo zilisinyaa. Ule uliokuwa ukichukua robo saa ulimalizika kabla ya dakika sita, na hakuna aliyewaamuru. Walifika mwisho wa beti, wakaangalia sakafu tupu, wakafunga. Kama tofauti ya albamu na jukwaa ingekuwa ya mitambo au ya kuhariri, maonyesho yale yangesikika kama ya usiku wowote wa Ijumaa. Yalisikika kama studio, ila yenye makosa.

Wakati huohuo urefu wa wimbo umepata bwana mpya, ambaye ni video fupi za simu. "Kasongo" ya Orchestra Super Mazembe ni wimbo wa miaka ya 1970 uliorudi midomoni mwa vijana hivi karibuni kwa njia hiyo, na bendi zote za kopi ninazozijua, zile zinazopiga nyimbo za wengine, huombwa kuupiga. Vijana hufurahi wakisikia mwanzo, wakainua simu, wakasubiri kile kipande wanachokijua. Kikipita, wengine hurudi vitini na kuacha wimbo uendelee peke yake. Wazee waliokaa nyuma ndio husimama hapo, kwa kuwa kwao wimbo ndio unaanza.

Yapo pia mambo ya jukwaani ambayo albamu zetu zimeyafuta kabisa, na kwa maoni yangu zimeyafuta kwa haraka mno. Katika maonyesho ya benga na ya ohangla, muziki mwingine wa Wajaluo, kuna pakruok: mtu hutoa pesa, muziki unashushwa, naye hupewa nafasi ya kujisifu, kumsifu rafiki au kutaja kwao, kisha muziki unapandishwa hadi mwingine atoe. Wimbo mmoja unaweza kukatizwa hivyo mara nyingi hadi mgeni akadhani umevunjika, kumbe ndivyo ulivyokusudiwa. Katika santuri za zamani za benga pamebaki alama yake, yale majina marefu ya marafiki na wafadhili yanayotajwa katikati ya wimbo pamoja na mahali watokako. Katika usiku wa mugithi nako, mtu mmoja na gitaa lake huunganisha nyimbo za watu wengine, za dini na za kilabuni, bila kusimama, huku wachezaji wakishikana viuno kwa mstari mrefu unaozunguka meza. Ukiurekodi wimbo mmoja mmoja katika studio, kila kimoja kitakuwa kizuri na mugithi hautakuwemo.

Kwa sababu hizo nimekuwa nikiwashawishi viongozi wa bendi warekodi albamu zao ukumbini, usiku wa kawaida, si usiku wa tamasha ambapo kila bendi hupewa nusu saa na mtu wa ratiba amesimama pembeni akiangalia saa. Gharama si kubwa kama zamani, kwa kuwa mikisa za kidijitali siku hizi huweza kuhifadhi kila chombo kwenye njia yake, na kazi ya kusawazisha hufanywa baadaye kwa utulivu. Sharti langu ni moja, kwamba urefu usiguswe. Wakitaka kurekebisha sauti iliyotoka nje ya ufunguo, na warekebishe. Bendi kubwa za ng'ambo zimefanya hivyo kwenye albamu za jukwaani na hakuna aliyekufa. Lakini robo saa ibaki robo saa, pakruok ibaki, na yule mtu anayemwita mhudumu karibu na maikrofoni naye abaki.

Mzee wa gitaa la solo ndiye aliyekubali kwanza. Tulirekodi usiku mzima, tukachagua nyimbo nne, mbili zikiwa ndefu kiasi kwamba hakuna redio itakayozipiga. Alizisikiliza zote akiwa amefumba macho, akaridhia kasi, akaridhia makosa yake mwenyewe, akaridhia hata mlio wa chupa iliyoanguka katikati ya wimbo wa pili. Alitaka kiondolewe kitu kimoja pekee: jina la mfadhili fulani aliyetajwa na kusifiwa kwa kirefu usiku ule kwa ahadi ya pesa, na ambaye hadi leo hajazileta. Nimeliondoa, na wimbo sasa ni mfupi kwa sekunde kumi na moja.